Majengo ya Vyuo Vikuu vya Iringa na Mbeya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanafunzi wapya, wazazi wanaowasindikiza na hata walimu waliohamishiwa huku huuliza mambo yanayofanana kuhusu majengo wanayoyakuta vyuoni. Tumekusanya maswali hayo pamoja na majibu yake. Jambo moja litajirudia: vyuo kadhaa vya Nyanda za Juu Kusini vilianza vikiwa kitu kingine kabisa, na ukiyatazama majengo yake vizuri utaona bado yanasema yalijengwa kwa ajili ya nani.

Chuo cha Mkwawa kilikuwa nini kabla ya kuwa chuo kikuu?

Mtu wa Iringa atakujibu papo hapo: ilikuwa Mkwawa High. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Majengo ya kwanza pale hayakujengwa kwa ajili ya shule yenye jina la Mkwawa. Yalijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 chini ya utawala wa Waingereza, kwa ajili ya shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, wavulana kwa wasichana, iliyoitwa St Michael's and St George's. Ilifunguliwa mwaka 1959.

Uutafakari huo mwaka. Uhuru wa Tanganyika ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hiyo serikali ya kikoloni ilikamilisha shule kubwa ya watoto wa watawala na walowezi wakati TANU imekwisha kuenea nchi nzima na kila mtu anaona mambo yanakoelekea. Elimu ya wakati huo ilikuwa imegawanywa kwa rangi: Wazungu na shule zao, Waasia na zao, Waafrika na zao. Watoto wa Kiafrika ndio waliokuwa wengi kuliko wote na ndio waliopata kidogo kuliko wote. Mgawanyo huo ulifutwa kisheria na sheria ya elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1962.

Ndiyo sababu tunawaomba wanafunzi wa ualimu wanaosoma Mkwawa leo wasiyapite majengo ya zamani kama mapambo. Mabweni, viwanja na kumbi vilipangwa kwa ukubwa ambao shule ya Kiafrika ya mwaka 1959 isingeuota. Wewe unayekaa humo sasa hukuwemo kwenye hesabu ya waliochora ramani zake.

Watoto hao wa Kizungu walikuwa wanasoma wapi kabla ya hapo?

Wengi walitoka Kongwa, Dodoma, na hapo pana kisa kingine cha majengo kubadili wenyewe. Kongwa ilijengwa kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Mvua hazikutosha, ardhi ilikuwa ngumu, mashine ziliharibika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Zikabaki nyumba. Shule ya Wazungu ikaingia humo, ikaendelea mpaka mwaka 1958, ndipo wanafunzi wakahamishiwa Iringa. Baada ya uhuru, Kongwa hiyohiyo ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwemo FRELIMO, ANC na SWAPO.

Kwa nini shule ilijengwa Iringa na si Dar es Salaam?

Baridi. Mji wa Iringa uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Wazungu wa wakati ule waliamini, si bila sababu, kwamba nyanda za juu zina malaria kidogo kuliko pwani. Tena walowezi wenyewe walikuwa huku: wakulima wa tumbaku kuzunguka Iringa na mashamba ya chai Mufindi. Ndiyo maana pia nyumba nyingi za wakubwa wa enzi hizo, Iringa na Mbeya, zina mahali pa kuwashia moto sebuleni na bomba la moshi juu ya paa. Aliyewahi kukaa Iringa mwezi wa Julai haulizi bomba hilo ni la nini.

Jina la Mkwawa lilikujaje?

Miaka michache baada ya uhuru shule ilifunguliwa kwa Watanganyika, na jina la watakatifu wa Kiingereza likaondoka. Likawekwa jina la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe. Kwa maoni yetu hakuna jengo Nyanda za Juu Kusini lililobadilishwa maana kwa ukali kama hayo, na bila kubomolewa tofali hata moja.

Kumbuka mtiririko wenyewe. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa liliivamia na kuiangamiza safu ya Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa hakujisalimisha. Aliendelea kupigana porini mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe hai. Kichwa chake kikakatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliagiza lirudishwe. Halikurudishwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifuatilia mpaka jumba la makumbusho la Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu.

Sasa weka miaka hiyo pamoja. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni inarudisha fuvu la Mkwawa kwa heshima zote. Mwaka 1959 serikali hiyohiyo, mwendo mfupi tu kutoka Kalenga, inafungua shule ambayo kitukuu cha Mkwawa asingeweza kusoma kwa sababu ya rangi yake. Jina lililopo getini leo ni jibu la jambo hilo.

Ilikuwaje ikawa chuo kikuu?

Shule za sekondari ziliongezeka kwa kasi kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Kata zilijenga madarasa, walimu hawakuwepo. Mwaka 2005 serikali ikaifanya Mkwawa kuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chang'ombe, Dar es Salaam, ikafanywa vivyo hivyo. Tangu hapo majengo mapya yamekuwa yakiongezwa kando ya yale ya zamani.

Babu yangu anasema chini ya jengo la zamani la chuo kuna handaki la Wajerumani lenye mali. Ni kweli?

Tunaulizwa hili kila mwaka na tunalijibu kwa uzito, maana limeleta hasara. Majengo ya Mkwawa hayana Mjerumani. Waingereza na washirika wao waliingia Iringa mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Majengo yale yakajengwa zaidi ya miaka arobaini baadaye. Hakuna ofisa wa Kijerumani aliyeweza kufukia kitu chini ya msingi ambao haujachimbwa.

Habari za mali ya Mjerumani ziko kila mahali huku, kuanzia Tukuyu mpaka Njombe, na watu wamechimba makaburi, misingi na sakafu za nyumba za zamani wakitafuta rupia na zebaki. Wanachokipata ni udongo. Wanachoacha ni ukuta uliopasuka. Ukimwona mtu anachimba pembeni mwa jengo la zamani usiku, toa taarifa kwa walinzi au serikali ya mtaa.

Basi jengo la Wajerumani Iringa ni lipi, na linahusianaje na chuo?

Ni Boma, katikati ya mji. Tom von Prince alianzisha mji huu mpya wa Iringa mwaka 1896, baada ya Kalenga kutekwa, na Boma lilijengwa mnamo mwaka 1900. Wanaolielezea husema lilianza kama hospitali ya kijeshi. Baadaye likawa jengo la utawala, na wazee wengi wa Iringa wanalijua kama ofisi ya serikali: mahali pa kulipia kodi, kusikilizwa kesi, kungoja kwenye benchi.

Chuo Kikuu cha Iringa kinaingia hapa. Kupitia mradi wake wa urithi wa utamaduni ulioitwa Fahari Yetu, uliopata fedha za Umoja wa Ulaya, Boma lilikarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho ya mkoa. Chuo kilichofundisha utamaduni darasani kikachukua jengo lililotisha watu kwa zaidi ya nusu karne, kikaweka ndani yake vyombo, picha na maelezo ya Wahehe, Wabena na wenzao. Tunaliona kuwa tendo bora kabisa ambalo chuo cha huku kimelifanyia jengo la zamani, na tungependa vyuo vingine viliige.

Kwani historia ya ujenzi Iringa inaanza na Wajerumani?

Hapana, na hapa tunawasahihisha wengi. Kabla ya Boma ilikuwepo ngome ya Lipuli pale Kalenga, yenye ukuta mrefu wa mawe na udongo uliozunguka makao ya Mkwawa. Wajerumani walihitaji mizinga kuuvunja. Jina hilo watu wa Iringa wanalijua kupitia timu yao ya mpira, lakini wengi hawajawahi kwenda Kalenga kuona mabaki. Ni karibu, daladala zinakwenda.

Chuo Kikuu cha Iringa chenyewe kina majengo ya kikoloni?

Kilianzishwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Iringa, miaka ya 1990, vyuo vikuu visivyo vya serikali vilipoanza kuruhusiwa. Kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, kisha mwaka 2013 kikasimama kwa jina lake. Kwa hiyo ukitaka ya kikoloni, nenda Boma.

Ni kweli Warusi walijenga chuo cha Mbeya?

Unazungumzia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho wengi wanakiita MUST, upande wa Iyunga, barabara ya kwenda Tunduma. Kilianza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi Mbeya, kwa makubaliano kati ya Tanzania na Muungano wa Kisovieti. Muungano huo ulikuwa na jamhuri nyingi, si Urusi peke yake, ila kwa maneno ya mtaani kila aliyetoka huko alikuwa Mrusi.

Fikiria Mbeya ya miaka hiyo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilikuwa imekamilishwa na Wachina muongo mmoja tu nyuma, na stesheni yake iko upande huohuo wa mji. Uyole kulikuwa na kituo cha kilimo kilichosaidiwa na nchi za Nordiki. Kwa hiyo ndani ya mji mmoja ulikuwa na China ya reli, Usovieti wa karakana na Skandinavia ya mahindi na ng'ombe. Tanzania isiyofungamana na upande wowote inaonekana Mbeya kwa macho, kwenye kuta na mapaa, kuliko kwenye kitabu chochote cha uraia.

Alama ya chuo cha ufundi ni karakana: kumbi ndefu, mapaa ya juu, madirisha mapana ya kuingiza mwanga kwenye mashine, milango inayopitisha lori. Chuo kilipopanda kuwa taasisi, kisha chuo kikuu miaka ya 2012 na 2013, mahitaji yalibadilika kuelekea kumbi za mihadhara na kompyuta, lakini fundi bado anahitaji karakana. Wanaopanga kuzigawa kwa kuta za mbao wafikirie mara mbili.

Na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji?

Ni cha Kanisa la Moravian, pale Block T, Mbeya. Kinaitwa kwa jina la Askofu Teofilo Kisanji, mmoja wa maaskofu wa kwanza Waafrika wa kanisa hilo nchini. Majengo yake si ya kale, lakini mizizi ya kanisa lenyewe ni mirefu: Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule wa Lugalo, na walijenga misheni kwa matofali ya kuchoma. Ukitaka kujua tofali jekundu la Unyakyusa lilikoanzia kushika kasi, panda Rungwe.

Nitajuaje umri wa jengo kwa kulitazama tu?

Hutajua mwaka, ila utajua kipindi. Anza na tofali. Huku tofali la kuchoma linafyatuliwa kwa kibao, linaanikwa chini ya nyasi lisipasuke, kisha linapangwa kuwa tanuri lenye matundu ya moto chini. Tanuri linakandikwa udongo nje, kuni zinasukumwa ndani, na moto unalindwa usiku kucha. Ya katikati yanaiva mpaka yanalia kama chungu ukiyagonga. Ya nje yanabaki na rangi ya maziwa ya mgando. Mjenzi mwenye fedha alichagua ya katikati tupu. Mwenye haraka alichanganya. Simama mbele ya ukuta ambao haujapigwa lipu, utaona rangi zinavyopishana, na utajua kama aliyejenga alikuwa na muda na bajeti au alikuwa anakimbizwa na muhula.

Kisha tazama unene. Ukuta wa mawe wa zama za Wajerumani unaweza kuegemeza mkono mzima dirishani na usifike nje. Ukuta wa Waingereza wa miaka ya 1950 ni mwembamba zaidi, wenye baraza ndefu na vitundu vya hewa juu ya madirisha. Tofali la saruji lenye matundu, fremu za alumini na vioo vyeusi ni vya juzi.

Tafuta pia jiwe la msingi. Hapa tuna kilio. Katika chuo kimoja cha huku jiwe lenye maandishi yaliyosomeka vizuri limepakwa rangi pamoja na ukuta wakati wa kujiandaa kumpokea mgeni rasmi. Herufi zimejaa rangi. Mafundi waliambiwa wapake ukuta, wakapaka ukuta.

Sheria inayalinda majengo haya?

Si kama watu wanavyodhani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakilinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya mwaka 1863. Angalia tarehe hiyo. Boma la Iringa halifiki. Misheni za Rungwe hazifiki. Jengo lolote la Mkwawa haliwezi kufika. Jengo la baada ya hapo linapata ulinzi likitangazwa rasmi na waziri mwenye dhamana, na lisipotangazwa, mwenye nalo anaweza kulivunja kwa kibali cha kawaida cha ujenzi.

Hili ndilo linalotufanya tuandike kurasa kama hii. Ulinzi wa kweli wa majengo ya vyuo vyetu uko mikononi mwa kamati za mipango na miliki za vyuo vyenyewe. Chuo kikiwa na orodha ya majengo yake, mwaka, mjenzi na matumizi ya kwanza, mkandarasi atakayekuja ataikuta. Kikiwa hakina, ataambiwa "yale ya zamani pale nyuma".

Nataka kuandika historia ya jengo la chuo changu. Nianzie wapi?

Anza na watu, maana karatasi zinangoja na watu hawangoji. Usiende kwa maprofesa kwanza. Nenda kwa mpishi mstaafu, mlinzi, fundi bomba, dereva, mama aliyeuza ndizi getini miaka yote. Ukifika kwa mzee wa Kihehe usiingie na karatasi mbele. Mwamkie, "Kamwene, babu," kaa, ulizwa habari za kwenu, zijibu. Maswali yatakuja baadaye.

Usiulize mwaka. Uliza tukio. "Babu, bwalo hili lilikuwepo wakati wa unga wa yanga?" Hapo anakumbuka njaa ya katikati ya miaka ya 1970. "Paa lilibadilishwa kabla ya vita vya Amini au baada?" Hapo ni 1978 na 1979. "Sokoine alipofariki wewe ulikuwa unafanya kazi jengo lipi?" Hapo ni Aprili 1984. Kwa Iringa kuna alama nyingine nzito: kuuawa kwa Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, kule Isimani siku ya Krismasi 1971, ambaye jina lake lipo kwenye chuo cha ualimu mjini hapa. Kwa alama hizo mzee atakuwekea jengo mahali pake kwa usahihi kuliko faili.

Kisha karatasi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina mafaili ya majimbo ya zamani, likiwemo Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu yake ya Afrika Mashariki. Magazeti ya zamani kama Mambo Leo na Tanganyika Standard yanafaa kwa sherehe za ufunguzi. Usisahau stoo ya idara ya miliki ya chuo chako: ramani za wachoraji mara nyingi zimo humo, zimekunjwa, na mchwa wamekwisha kuzijua. Zipige picha siku hiyohiyo.

Tunakarabati hosteli ya zamani, kuna jambo la kuangalia?

Paa. Majengo mengi ya kuanzia miaka ya 1950 mpaka ya 1980 yaliezekwa kwa mabati ya asbesto, yale ya kijivu, mazito, yenye mawimbi. Yakiwa mazima juu hayana shida kubwa. Yakikatwa kwa msumeno au kuvunjwa kwa nyundo hutoa vumbi lenye nyuzi nyembamba zinazoleta magonjwa ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Usimpe kibarua ayashushe bila vifaa, na usiyatupe shimoni nyuma ya bweni. Waite wataalamu wa mazingira kabla mkandarasi hajapanda ngazi.

Naweza kuja kutembelea?

Boma la Iringa na makumbusho ya Kalenga hupokea wageni, kwa kiingilio. Vyuo ni sehemu za kazi: pita getini, jiandikishe, omba ruhusa ofisi ya uhusiano kabla ya kupiga picha, na usiingie mabwenini. Kwa kundi la wanafunzi wa shule, mwalimu atangulize barua ya utambulisho siku kadhaa kabla. Mkija Juni au Julai, beba sweta.